Jino Zima Lililoanguka



Siku moja, majira ya kuanika kahawa, tulikuwa tumeketi uani kwa jirani yetu hapa Chonyonyo, na watoto wakatuletea mahindi ya kuchoma. Mzee mmoja aliyekuwa pamoja nasi, mtu wa heshima na mwenye maneno ya kuchekesha, aliuma hindi lake mara mbili, kisha akanyamaza. Akaingiza kidole kinywani, akatoa jino. Halikuvunjika, lilitoka zima pamoja na mzizi wake, kama muhogo ung'olewavyo katika udongo uliolowa mvua. Akaliweka kiganjani, akatuonyesha, akasema, "La nne hili. Uzee umekuja kudai deni lake."

Basi kila mtu akasema lake. Mmoja alisema ni uzee kweli, maana ndivyo walivyokuwa babu zetu wote. Wa pili alisema ni mdudu wa jino aliyekula mizizi. Wa tatu, kwa sauti ya chini, alitaja kijicho cha watu. Sisi tuliomba tulitazame jino lenyewe, tukaligeuzageuza penye jua. Halikuwa na tundu hata moja. Gamba lake lilikuwa imara, nalo lingaliweza kusaga mahindi miaka mingine ishirini. Lakini shingoni mwake, pale palipokuwa pamefichwa na ufizi, palikuwa pamegandamana kitu kama chokaa, rangi yake kahawia ikielekea weusi, kigumu hata ukucha haukuweza kukibandua.

Kitu hicho ndicho kilicholiangusha jino la mzee, wala si uzee, wala si mdudu, wala si jirani. Nasi twapenda kueleza habari zake mwezi huu, kwa sababu katika nyumba nyingi tuzifahamuzo, jambo hili huanza mapema, kabla mvi ya kwanza haijaota, tena huanza bila maumivu.

Sisi tuandikao maneno haya hatukujifunza haya kwa hekima bali kwa hasara. Tulipokuwa na umri wa miaka thelathini hivi, tulianza kuona damu katika mate kila tulipopiga mswaki, upande wa kushoto, chini, kwenye magego. Tukafanya kama watu wengi wafanyavyo: tuliuonea huruma ule ufizi. Tukasema moyoni kwamba mswaki unaujeruhi, basi tuuache upumzike. Tukawa twasugua upande wa kulia vizuri, na wa kushoto twaugusa tu kwa juu juu. Miaka saba ilipita. Hapakuuma kitu. Hata siku moja, tukiwa twafundisha watoto wimbo, ulimi uligusa gego moja, nalo likatikisika.

Kwanza tulikwenda kwa mtu mmoja sokoni auzaye dawa, naye akatupa maji ya kusukutua yenye harufu nzuri, akatuambia tusiuguse ufizi kwa mswaki mpaka upone. Tukafanya hivyo miezi miwili, tukazidi kuharibikiwa. Mwisho tukaenda hospitali. Daktari wa meno, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wetu, alitazama kinywani kwa kioo kidogo, akauliza, "Mwalimu, upande gani huupigi mswaki?"

Tukajibu, "Huu utokao damu."

Akasema, "Basi ndiyo sababu unatoka damu."

Tuliona haya kama mtoto aliyekutwa hajui herufi. Sisi tulidhani damu ndiyo iliyotukataza kusugua, kumbe kutosugua ndiko kulikoleta damu. Magego mawili tuliyapoteza siku ile. Yalikuwa mazima, hayana tundu, kama jino la mzee.

Sasa tueleze mambo yenyewe yalivyo. Kinywa cha mtu, hata aliye mzima kabisa, kimejaa vijidudu vya namna nyingi visivyoonekana kwa macho matupu. Vingi vyao havina ubaya. Lakini kila mara baada ya meno kusafishwa, mate huacha juu ya jino utando mwembamba mno, na vijidudu hushika juu ya utando huo, huzaana, hujengeana nyumba ya ute, tabaka juu ya tabaka. Huo ndio ukoga. Ukitaka kuuona, amka asubuhi, na kabla ya kula kitu pitisha ukucha taratibu kwenye jino karibu na ufizi. Utapata kitu cheupe, laini, kama uji ulioganda. Ule si masalio ya chakula, kama tulivyodhani zamani. Hata mtu ashindaye na njaa hupata ukoga.

Mtu mmoja wa Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo katika mji wa Delft, alikuwa na ustadi wa kutengeneza vioo vidogo vya kukuzia vitu. Mwaka 1683 aliandika barua kwa wataalamu wa London akieleza kwamba yeye ana desturi ya kusugua meno yake kwa chumvi kila asubuhi, walakini bado amekuta kitu cheupe katikati ya magego yake. Akakichanganya na maji safi, akakitia chini ya kioo chake, na tazama, akaona viumbe hai vidogo mno, vyaenda huku na huku. Alistaajabu sana. Alikuwa mtu wa kwanza kuvieleza viumbe hivyo kwa maandishi, naye alivitoa katika meno yake mwenyewe. Tafadhali angalieni jambo hili: alikuwa mtu msafi, naye bado alikuwa na ukoga. Basi kuwa na ukoga si aibu. Aibu ni kuuacha ukae.

Je, ukiachwa hufanya nini? Swali hili lilijibiwa vizuri mwaka 1965, huko Aarhus katika nchi ya Denmark. Daktari Harald Löe na wenzake walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wakiwa wanafunzi wa udaktari wa meno, wakawaambia waache kabisa kusafisha vinywa vyao. Hawakupewa dawa wala sumu; waliacha mswaki tu. Wengine baada ya siku 10 hivi, na wengine baada ya majuma mawili, hata kufika siku ya 21, wote 12 walikuwa wamevimba fizi, nyekundu, zenye kutoka damu zikiguswa. Kisha wakaambiwa warudie kupiga mswaki. Baada ya juma moja hivi fizi zao zilikuwa zimerudia uzima.

Twaomba msomaji asome habari hiyo mara ya pili. Majuma matatu yatosha kuuguza ufizi, na juma moja lilitosha kuuponya, na dawa yenyewe ilikuwa ni mswaki. Tungalijua haya tulipokuwa na umri wa miaka thelathini, tungalikuwa na magego yetu mpaka leo.

Lakini wale wa Aarhus walirudi mapema. Asiyerudi hupatwa na mambo mengine. Mate yetu yana madini ndani yake, na madini hayo huugandisha ukoga wa siku nyingi ukawa mgumu kama jiwe. Hapo huitwa ugaga. Huonekana zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini, na upande wa shavuni wa magego ya juu, kwa sababu karibu na hapo ndipo mate yatokeapo. Ugaga una uso wa kukwaruza, na ukoga mpya hushika juu yake upesi kuliko kwenye jino safi. Ukoga ukishuka chini ya ufizi, mwili hupigana nao, na katika vita hivyo ufizi huachana na jino, pakawa na mfuko kati yao. Mfuko huzidi kwenda chini. Kisha mfupa wa taya, uushikao mzizi wa jino, huanza kuyeyuka kidogo kidogo. Mfupa huo ukiisha kwenda haurudi wenyewe. Mambo yote haya hutendeka kwa miaka mingi, na kwa kawaida hayaumi. Mtu hungoja maumivu ndipo aende kwa daktari, na maumivu hayaji. Lije jino mkononi badala yake.

Ndiyo maana mzee wetu alitoa jino zima. Nyumba ilikuwa nzuri, ila msingi ulikuwa umechukuliwa na mvua.

Si watu wote waharibikao sawasawa. Huyo Daktari Löe aliwafuata wafanyakazi wa mashamba ya chai huko Sri Lanka tangu mwaka 1970 mpaka 1985, wanaume 480 wasiokuwa na desturi ya mswaki wala msaada wa daktari wa meno. Aliona kwamba wachache, kama 8 katika kila 100, walipoteza meno upesi sana; walio wengi waliharibikiwa polepole; na wengine, kama 11 katika 100, fizi zao zilivimba tu bila kwenda mbali zaidi. Basi kama babu yako alikufa na meno yake yote bila kupiga mswaki, hilo ni kweli, nasi hatubishi. Ila hujui wewe umo katika kundi gani.

Tumbaku huongeza hatari, ya kuvuta na ya kutafuna pia. Tena ile ya kuvuta ina hila, maana huibana mishipa midogo ya ufizi, damu isionekane, na mvutaji akadhani yu mzima. Kadhalika mwenye ugonjwa wa kisukari: fizi zake huharibika upesi, na fizi mbovu nazo huufanya ugonjwa wake uwe mgumu kutawaliwa. Mtu ambaye fizi zake zakataa kupona ingawa asugua vema, yafaa apimwe sukari.

Na mama mwenye mimba aonapo damu katika mate yake asiogope. Mwili wake umebadilika, na ufizi wake huvimba kwa ukoga mdogo ambao zamani usingalimdhuru. Yampasa kusugua kwa bidii kuliko kwanza. Akina mama zetu husema kwamba kila mtoto huondoka na jino moja la mama yake. Si mtoto alichukuaye. Mama akichoka, akitapika asubuhi, akiacha mswaki kwa sababu ya kichefuchefu na damu, ukoga hupata nafasi. Na baada ya kuzaa mtoto ndiye alaumiwaye.

Sasa tuje kwenye mswaki wenyewe.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walitafuna kijiti mpaka ncha yake ikawa kama brashi, wakasugua. Huko pwani na katika nyika kavu uko mti ambao jina lake ni mswaki, na brashi za dukani zimechukua jina kwake. Shirika la Afya la Ulimwengu, mwaka 1986, liliwapa moyo watu wenye desturi ya kutumia vijiti hivyo waendelee navyo. Basi asiye na fedha ya kununua brashi asijione amefungiwa mlango. Walakini twaona makosa mawili. La kwanza, kijiti husugua vizuri mbele ya meno, pale paonekanapo mtu akicheka, na mara nyingi hakifiki upande wa ndani wala nyuma ya magego, ambako ukoga hupenda kujificha. Anayetumia kijiti hana budi kukigeuza na kukifikisha huko kwa makusudi. La pili, watoto hukata kijiti cha mti wowote walio karibu nao. Mnyaa tuupandao uani una maziwa yenye kuunguza kinywa, tena yakiingia machoni yaweza kupofusha. Mtoto afundishwe mti upi hukatwa na upi huachwa.

Mkaa uliosagwa, majivu na mchanga twaomba viachwe. Ni kweli hung'arisha. Lakini hung'arisha kama vile mtu apigavyo msasa meza, kila siku akaondoa kidogo cha mbao. Gamba la jino ni gumu kuliko mfupa, ila likiisha kulika halioti tena.

Aliye na brashi achague iliyo laini. Wengi hununua ngumu wakidhani nguvu ndiyo usafi, nayo hukwangua ufizi hata mizizi ikawa wazi. Ukoga ni laini. Unataka kufikiwa, hautaki kupigwa. Weka brashi pale jino na ufizi vikutanapo, ukiiinamisha kidogo kuelekea ufizi, uitikise kwa mwendo mdogo, meno mawili au matatu kwa mara moja, kisha usogee. Pitia nje yote, ndani yote, na juu mnapotafunia. Kazi hii ikifanywa vema huchukua dakika 2, nasi tulipojipima kwa saa mara ya kwanza tuliona kwamba siku zote tulikuwa tukitumia chini ya nusu yake. Kusukutua maji peke yake hakufai. Jiwe la mtoni lenye utelezi hupitiwa na maji usiku na mchana, na utelezi wake upo palepale, sharti lisuguliwe.

Tumia dawa ya meno yenye madini ya floraidi, kwa maana madini hayo huimarisha gamba la jino. Ukiisha, tema povu, wala usisukutue kwa maji mengi, ili dawa ibaki ikifanya kazi. Mtoto aliye chini ya miaka 3 apewe dawa kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hata 6, kiasi cha punje ya njegere, naye asiimeze. Maji yetu ya vilimani huchotwa bondeni na kupandishwa kichwani, twajua. Lakini kwa kazi hii kikombe kimoja chatosha nyumba ndogo.

Mara mbili kwa siku, na ya usiku ndiyo kubwa. Mtu alalapo mate hupungua, na mate ndiyo mlinzi wa kinywa. Basi ukoga uliobaki jioni hupata usiku mzima wa kufanya utakavyo. Nyumbani kwetu tumeiweka saa hiyo baada ya sala ya jioni, kabla taa haijazimwa, kwa sababu wakati huo wote tupo pamoja na hakuna atakayesema amesahau.

Damu je? Ukianza kusugua mahali ulipopaacha, damu itatoka zaidi siku za kwanza. Usiogope, endelea kwa upole. Baada ya juma moja au mawili yapasa iwe imepungua au kukoma. Isipokoma, kuna ugaga, na ugaga hauondoki kwa mswaki wowote. Hutolewa kwa vyombo vya daktari. Usijikwangue kwa kisu wala kwa msumari. Tumesikia wengine wakisema kwamba kusafishwa meno hospitalini huyalegeza. Ukweli ni kwamba ugaga mwingi hujaza nafasi na kuyashikamanisha meno ambayo mfupa wake umekwisha kupungua. Ukitolewa, mtu huhisi mwanya na mtikisiko uliokuwapo tangu zamani. Daktari hakuleta ulegevu ule, ameufunua.

Juu ya sukari tutasema machache, maana hiyo ni habari ya matundu kuliko ya fizi, ingawa mzizi wake ni huo huo ukoga. Vijidudu vya ukoga hula sukari tulayo na kuigeuza kuwa tindikali kwa dakika chache tu, na tindikali huyeyusha gamba la jino. Mate huhitaji nusu saa na zaidi kuituliza. Kwa hiyo jambo kubwa ni mara ngapi, kuliko kiasi gani. Huko Vipeholm, nchini Sweden, katika utafiti ulioanza mwaka 1945, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walipewa peremende za kunata katikati ya milo, na meno yao yakaoza sana kuliko ya wale waliopewa sukari pamoja na chakula. Habari zilitangazwa mwaka 1954. Wale wagonjwa hawakuulizwa ridhaa yao, na jambo hilo latuchukiza. Lakini kwa kuwa meno yao yalilipa bei, tusilipuuze somo. Sukari yatengenezwa mkoani mwetu wenyewe, huko Missenyi, nayo si adui ikiliwa mezani. Mtoto ashikaye peremende tangu asubuhi hata adhuhuri, au alalaye na chupa ya chai tamu, huyo hayapi meno yake nafasi ya kupumua. Ile kahawa yetu ya kutafuna, tumpayo mgeni kwa heshima, haitiwi sukari. Huenda ikayatia meno rangi tu.

Kwa walimu na wazazi tuna neno moja la pekee. Meno ya utoto ni 20, na ya utu uzima ni 32. Mtoto afikapo miaka 6 hivi, huota gego jipya nyuma ya meno yote ya utoto, moja kila pembe ya kinywa. Haling'oi jino lolote linapokuja, wala halitangazi ujio wake. Wazazi hulidhani ni la utoto, husema, "Liache lioze, litaota jingine." Halitaota jingine. Hilo ndilo jino la maisha, tena ndilo la kwanza kuoza, kwa sababu hukaa nyuma ambako mkono mdogo haufikishi brashi. Mtoto hana ustadi wa kusugua peke yake mpaka apate miaka 7 au 8. Kabla ya hapo mtu mzima amalizie kazi. Mwalimu wa darasa la kwanza aweza kuwaambia watoto wake wafungue vinywa, akawahesabia meno kutoka katikati: jino la sita kwa kila upande ndilo hilo. Kazi hiyo haimchukui hata nusu saa, na watoto huifurahia mno.

Tena kuna jambo tusiloweza kulipita. Mtoto mchanga akiwa na homa na kuharisha, watu wengine huona uvimbe mweupe katika ufizi wake, wakasema ana meno ya plastiki, wakampeleka kwa mganga ayachimbue kwa chuma. Ule uvimbe ni chimbuko la jino lake halisi, ambalo bado halijatoka. Ugonjwa uko tumboni au katika damu, na huko ndiko uendako kutibiwa. Watoto wamekufa kwa vidonda hivyo, kwa pepopunda na kwa kupoteza damu, na waliopona huota meno yaliyoharibika au wasiote kabisa. Zaidi ya hayo, mtoto aliyedhoofika kwa njaa au aliyetoka kuugua surua, akionekana ana kidonda cha ufizi chenye kunuka, asikae nyumbani hata siku moja. Upo ugonjwa uitwao noma, uanzao katika ufizi na kuula uso wote kwa siku chache; Shirika la Afya la Ulimwengu liliutia katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwezi Desemba 2023. Ukiwahiwa hutibika kwa dawa za kawaida.

Nyumbani kwetu sasa kuna miswaki sita, imesimama katika kopo lililotobolewa ili maji yasituame, na kila mmoja umefungwa uzi wa rangi yake, maana zamani watatu walikuwa wakitumia mmoja. Nywele za brashi zikitawanyika, baada ya miezi 3 hivi, hubadilishwa. Iliyozeeka husugulia viatu.

Na yule mzee? Tulimpelekea brashi laini. Alicheka sana akatuuliza, "Mnataka nisugue nini, makaburi?" Tukahesabu naye: alikuwa amebakiwa na meno 21. Tukamwonyesha mahali pa kuweka brashi, tukamwonya juu ya damu ya siku za kwanza, naye akasema kwamba aliyeona vita hatishwi na mate mekundu. Tulimwomba aende na kliniki ya meno autoe ugaga, akakawia, kisha akaenda akiwa amesindikizwa na mjukuu wake. Aliambiwa kwamba jino moja la pembeni halitashika tena, limekwisha kukosa mfupa, na mengine yaweza kumfikisha mbali.

Jumapili ya tatu alitungoja mlangoni baada ya ibada. Hakutusalimu. Alikwenda kando penye majani, akatema, akatuita tuje tutazame. Yalikuwa meupe.